Miguu yetu wanaitaka, kura yetu hawaitaki

Jumanne usiku, Novemba 18, 2025, nilikuwa shifti ya jioni kwenye makao ya wazee ninapofanya kazi, nje kidogo ya Boston. Tulikuwa tushalaza karibu wote. Amebaki mzee mmoja tu wa chumba cha mwisho, yeye kila dakika tano anabonyeza kengele anataka maji, akiletewa anasema hakuitisha. Napita na trei nikasikia kelele chumba cha mapumziko, zile kelele za watu wanaojibana wasipige kelele halafu wakashindwa.

Wahaiti wote wa shifti walikuwa mle. Simu moja imeegemezwa kwenye kopo la kahawa, kioo kimepasuka pembeni, na humo ndani Haiti inacheza na Nicaragua. Bao la kwanza Deedson, la pili Providence. 2-0. Kisha wakakaa kungoja Costa Rica na Honduras wamalize, na ilipoisha bila kwa bila, basi tena. Haiti imeingia Kombe la Dunia, mara ya mwisho ilikuwa 1974.

Mmoja alipiga magoti mbele ya mashine ya soda. Kijana wa jikoni alitoka nje kwenye baridi bila koti, akawa anazunguka magari anapiga mayowe. Mimi na trei yangu nacheka tu, manake kocha wao sisi Wakenya tunamjua! Sébastien Migné, huyuhuyu aliyeipeleka Harambee Stars AFCON ya Misri 2019. (Watanzania mnisamehe, ile 3-2 bado naikumbuka.)

Ambaye hakupiga kelele ni mama mmoja mtu mzima, sote tunamwita Mama Jérémie, kwa sababu kwao ni mji wa Jérémie na kwa maelezo yake hakuna kitu kizuri duniani ambacho hakikuanzia huko. Alikuwa anajifuta macho kwa karatasi ya jikoni. Akasema, taratibu tu, wala hakuwa anamwambia mtu:

"Hawa watoto wengine wamezaliwa Ufaransa, wamekubaliwa kuichezea Haiti. Mimi nimezaliwa Jérémie, na kura yangu ya mwisho nilipiga 1990."

Akainuka akaenda kumpelekea yule mzee maji.

Wiki sita hiyo kauli inanizunguka kichwani. Mwanzo niliichukulia kama lalamiko la mtu aliyechoka, lakini kila nikiiweka chini naikuta imenifuata, na ilipofika pahali ikaanza kunisuta mimi mwenyewe ndo nikaona bora niandike.

## Timu isiyo na uwanja

Kama ulifuatilia hizo mechi utakumbuka Haiti haikucheza nyumbani. Mechi za "nyumbani" zilichezewa Curaçao, kisiwa cha watu wengine, sababu uwanja wa Sylvio Cator pale Port-au-Prince uko kwenye mitaa iliyoshikwa na magenge. Migné mwenyewe amesema hajawahi kukanyaga Haiti tangu apewe kazi. Wachezaji wengi wamelelewa Ufaransa, Marekani, Kanada. Yaani kocha yuko nje, wachezaji nje, uwanja nje, na wenye uwezo wa kununua tiketi nao wako nje, na bado timu ni ya Haiti, na kule ndani watu walitoka barabarani kushangilia kwenye mji ambao siku hizi jua likizama kila mtu anajifungia.

Na tarehe yenyewe! Novemba 18 ndo siku ya vita vya Vertières, 1803, Wahaiti walipolimaliza jeshi la Napoleon. Kijana wa jikoni aliniambia hilo mara tatu usiku mmoja.

Sasa Mama Jérémie. Kura yake ya 1990 ilikuwa ya Aristide. Akaapishwa urais Februari 7, 1991, akapinduliwa Septemba 30, hata mwaka haukuisha. Mama akaingia Marekani 1992 kupitia Guantánamo, ile kambi ya Marekani kule Kuba, na hapo hapendi kuulizwa, anabadilisha mada. Alipokuja kuapa uraia wa Marekani miaka ya baadaye, katiba ya Haiti ya 1987 ikamfuta, ilikuwa haitaki mtu mwenye nchi mbili. Mwaka 2012 wakairekebisha, uraia ukarudi. Lakini urais na ubunge mwenye pasipoti mbili haruhusiwi, na ya kupiga kura ukiwa Massachusetts, hiyo haki iko kwenye karatasi tu, kituo cha kupigia hakijawahi kufunguliwa. Na kwa kweli hata waliobaki ndani hawana cha kujivunia, uchaguzi wa rais wa mwisho ulikuwa Novemba 2016.

Kinachonishangaza ni kwamba huwezi kusema walisahauliwa. Aristide mwenyewe ndo aliwapa jina, akawaita dizyèm depatman, mkoa wa kumi, kwa sababu nchi wakati ule ilikuwa na mikoa tisa. 1994 wakaundiwa wizara kabisa, ya Wahaiti wanaoishi ng'ambo. Halafu 2003 serikali ikaligawa jimbo moja, Nippes ikawa mkoa wa kumi wa kweli, na wale wa nje wakasogezwa wakawa wa kumi na moja.

Hata kwenye foleni ya jina walirukwa.

## Bahasha ya risiti

Wiki ya pili baada ya mechi nilimuuliza Mama Jérémie, tukiwa tunakunja mashuka, alikuwa na maana gani. Hakujibu. Kesho yake akaniletea bahasha.

Ndani ni risiti za kutuma pesa, zingine zimefifia mpaka maandishi hayaonekani, zimefungwa na mpira wa nywele. Akanionyesha kwa ukucha mstari mmoja uliorudiwa kwenye kila risiti: dola 1.50. Hiyo si ada ya kampuni. Mwaka 2011 serikali ya Rais Martelly iliamua kila mtu anayetuma pesa Haiti akatwe dola moja na nusu, na simu za kimataifa senti tano kwa dakika, ati za kusomesha watoto bure. Zikaanza kukatwa hata Bunge halijapitisha sheria ya huo mfuko. Yeye anatuma mara mbili kwa mwezi. Tukapiga hesabu nyuma ya karatasi ya oda za chakula: miaka 14, mara 336, dola 504.

"Sikatai kusomesha mtoto," akasema. "Nataka tu niambiwe ni mtoto yupi."

Na hayuko peke yake, 2018 Wahaiti wa huku walifungua kesi mahakama ya shirikisho Brooklyn kuhusu makato hayohayo. Nikamuuliza kwani ulipojua unakatwa mbona hukuacha kutuma? Akaniangalia kama nimeuliza kwa nini hakuacha kupumua. Wahaiti wa nje wanapeleka zaidi ya dola bilioni 3 kwa mwaka, karibu moja ya tano ya uchumi wote wa nchi. Ukigoma, anayelala njaa ni dada yako, waziri hata hajui kama umegoma.

Basi mi nikawa nimeshapata makala yangu. Serikali mbaya, diaspora nzuri, tumeibiwa, mwisho. Nilikuwa na mfano mwingine mtamu wa kukolezea: baada ya tetemeko la Januari 2010 iliundwa tume ya kusimamia ujenzi wa nchi, wenyeviti wawili, Bill Clinton na waziri mkuu Bellerive, wafadhili wakubwa ndani, na diaspora nao wakapewa mwakilishi. Kiti alikuwa nacho. Kura hakuwa nayo. Anaruhusiwa kuongea, mikono ikiinuliwa yeye anatazama.

Nilivyoisoma hiyo nikasema hapa hapa, nishamaliza.

Sikumaliza.

## Mimi je

Kilichoniharibia ni swali dogo la Mama Jérémie. "Nyie Wakenya wa huku mnapiga?"

Nikasema kwa kifua, ndiyo Mama, sisi katiba yetu ya 2010 imeruhusu uraia pacha, na 2022 waliweka vituo mpaka hapa Marekani. (Wabongo wa hapa hiyo mada huwa wanainama kimya, uraia pacha kwao ni kidonda, wacha nisikitoneshe.) Akafurahi kweli. "Na wewe ulimpigia nani?"

Nikanyamaza.

Manake sikupiga. Kituo cha karibu kilikuwa New York, inabidi uende mara mbili, kujiandikisha na kupiga, na mimi shifti za wikendi ndo zinalipa vizuri. Hizo ndo sababu nilizojipa. Waliojiandikisha nje ya nchi nzima mwaka ule walikuwa 10,443. Watu elfu kumi! Na mwaka 2024 tumetuma nyumbani karibu dola bilioni 5. Ukumbi wa harusi mbili za kwetu Kisauni, Mombasa, unajaa watu wanaokaribia wapigakura wetu wa dunia nzima, haya nimetia chumvi kidogo, lakini umenielewa.

Kwa hiyo mlango yeye amegongea miaka thelathini na kitu, mimi nilifunguliwa nikaona ni mbali.

Na nikajiuliza, hivi tunachokitaka ni kura kweli au tunataka kuombwa? Kuna raha yake, usinidanganye. Simu inalia usiku, shangazi anaanza kwa salamu ndefu, habari za huko, baridi vipi, wewe unajua inakoelekea, unajifanya umechoka, unatuma, na ukishatuma unalala kama mfalme. Mama Jérémie anasema wao ukishuka tu kwenye ndege unaitwa "Dyaspora!", si jina lako, ni hilo, kwa muuza maembe, kwa dereva, kwa binamu, na bei ya kila kitu inapanda unapokaribia. Analalamika huku anacheka. Najua hicho kicheko. Likoni pale ferini nimekicheka sana.

## Kompyuta ishirini

Desemba, Jumapili moja, akanipeleka kwenye kikao cha chama chao. Wahaiti wanavyo hivi vyama kila pahali, watu wa mji mmoja wanakutana ugenini, sisi tuna chama cha wa kutoka Taita, cha wa kutoka Kisii, ni kulekule. Wana hata mchezo wa kupeana zamu za pesa, wanauita sòl, sikuona tofauti yake na chama chetu. Kikao ni chini ya kanisa huko Brockton, viti vya kukunja, hita inapiga kelele, kwenye meza mikate ya viazi na chupa ya chai ambayo haikuwa chai.

Wanasaidia shule moja ya kijijini, juu kidogo ya mji wa Jérémie. Kimbunga Matthew kiliipeperusha paa Oktoba 2016, wakachanga wakaezeka, tetemeko la Agosti 2021 likapasua kuta, wakachanga tena. Hawa ni watu wanaosafisha wazee na kuendesha mabasi. Sasa ajenda ilikuwa maabara ya kompyuta. Kijana mmoja mzaliwa wa hapahapa, fundi wa mitambo ya kompyuta, ameshapata kompyuta ishirini kutoka ofisini kwao zilizokuwa zinatupwa, safi kabisa, ana mpaka ramani ya meza zitakavyokaa. Ameandaa slaidi. Nilimpenda, sikufichi.

Mwalimu mkuu alikuwa kwenye spika ya simu, anakatikakatika. Walipomaliza wakamuuliza mwalimu una la kusema? Kimya kirefu, tukadhani laini imekatika. Halafu akaongea Kikreyoli polepole na Mama Jérémie akawa ananong'onezea mimi.

Alisema anashukuru. Akasema umeme shuleni hakuna. Akasema watoto wakifika asubuhi wameshateka maji mara moja, saa nne wengine wanatoka kwenda kuteka tena, na wasichana ndo hawarudi. Kama kuna pesa, wao wangeomba sitèn, birika la chini ya ardhi linaloshika mvua kutoka kwenye mabati yale mliyotuezekea nyinyi. Watu wa pwani wanaosoma hapa, hasa wa Lamu, ni jabia, ni jabia tu. Akasema kamati ya wazazi iliandika barua ya hilo.

"Barua gani?" mwenyekiti akauliza.

Barua ilitumwa mwaka mmoja nyuma, kwa WhatsApp, kwa katibu, ikapigwa picha imekaa upande. Iko kwenye simu. Chini ya salamu za Krismasi.

Pakawa na ugomvi ambao sitausimulia wote. Yule kijana aliumia, akasema nyie mnataka kuwaacha watoto kwenye karne iliyopita. Mzee mmoja akasema pesa ni zetu, tukiwaachia wao wachague zitaliwa, nani atakagua? Na hapo Mama Jérémie, mwenye bahasha ya risiti, mwenye dola 504, akasimama akamuunga mkono huyo mzee!

Nilitamani nimvute gauni.

Nikiwa kwenye gari tukirudi nikamwambia, Mama, si ndo haya unayoyalalamikia? Wewe unadai kukatwa bila kuulizwa ni dhuluma, na hawa mnawachangia bila kuwauliza. Alikaa kimya mpaka tumepita daraja. Akasema, "Pitit mwen, mwanangu, mimi nimenyimwa neno na serikali. Mwalimu si serikali." Baadaye tena kidogo: "Lakini ile barua inaniuma."

## Mfereji

Tangu hapo nimekuwa nikisoma kuhusu ule mfereji wa Ouanaminthe, kaskazini mashariki, mpakani na Jamhuri ya Dominika. Nafikiri ndo kitu pekee kwenye haya yote ambacho kimenipa mwanga, na hata chenyewe sina uhakika kama ni mwanga wa kutosha.

Mradi wa kuchota maji ya mto Massacre kumwagilia bonde la Maribaroux ulianza 2021. Rais Moïse akauawa Julai mwaka huohuo, ukasimama. Agosti 2023 wakulima na wakazi wakasema hatungoji mtu, wakaanza kuchimba wenyewe. Serikali ya Dominika ikakasirika, upande wao kuna mifereji kadhaa kwenye mto huohuo lakini huu wa Haiti wakauona kosa, na Septemba 15, 2023 Rais Abinader akafunga mpaka wote, nchi kavu, bahari na anga. Soko la Dajabón ambalo mji mzima wa Ouanaminthe unalitegemea likakauka.

Na watu wakaendelea. Kuna video nyingi: kina mama wamepanga mstari wanapitishana mawe, masufuria makubwa ya wali kando ya shimo, wahandisi waliojitolea, mapadri, wachungaji, wapiga ngoma. Kauli yao ilikuwa herufi tatu, KPK, Kanal la p ap kanpe, mfereji hausimami. Wenyewe kazi kama hiyo wanaiita konbit, sisi tungesema harambee, ile ya zamani ya jembe mkononi, kabla wanasiasa hawajaigeuza ya bahasha. Na diaspora wakaingia. Pesa za simiti zikatoka Miami, Montreal, Santiago ya Chile. Mama Jérémie alituma dola 40, na huko si kwao hata kidogo, Jérémie iko ncha nyingine ya nchi. Wengine walipanda ndege mpaka Cap-Haïtien wakaenda kushika beleshi siku mbili na kupiga picha. Sawa tu, picha nayo ni kitu.

Nilichokiona pale ni kwamba hakuna aliyewaandikia diaspora mkakati wa kuwashirikisha. Shimo lilikuwa limeshachimbwa. Wenye mashamba walishaamua wanataka maji yapite wapi, wameshaanza na mikono mitupu, na mtu aliye Montreal alikuta kazi inaendelea, anachoulizwa ni utabeba upande gani. Hakupewa ukumbi wala kiti kisicho na kura. Na hakuna aliyelalamika kwamba hajaulizwa.

Ila nikimwambia hivi yule mzee wa Brockton ataniuliza mahesabu, na atakuwa na haki. Shimo unaliona kwa macho. Mfuko wa elimu huuoni.

## Polisi

Hapa nilitaka kuparuka lakini wasomaji wa Kenya mtauliza. Ndiyo, tangu Juni 2024 askari wetu walipotua Port-au-Prince kupambana na magenge nimepata jina jipya kazini, naitwa "Polis". Kwa utani, mara nyingi. Siku zingine utani unakuwa na mwiba, kama wiki genge limeteka mtaa mwingine na kijana wa jikoni ananiuliza watu wako wanafanya nini, nami sina jibu, mimi ni mtu wa Kisauni ninayebadilisha wazee nepi.

Februari 2025 askari wetu wa kwanza alipouawa kule Artibonite, nilifika shifti nikakuta bahasha kwenye kabati langu. Dola 60, noti za tanotano na mojamoja, na karatasi imeandikwa majina saba. Wamechanga rambirambi. Nikawaambia mimi marehemu simjui, hata kabila lake silijui. Mama Jérémie akasema basi mtafute anayemjua.

Ilinichukua wiki tatu. Nilipitia kwa mtu wa Lowell anayejua mtu wa Nairobi.

Hawa wanaoambiwa kila siku ni watu wa kusaidiwa. Na si jambo jipya kwao, ndugu zangu wa Kongo mtakuwa mmesikia kwa wazazi: uhuru ulipoingia 1960 na Wabelgiji wakaondoka na kazi zao, walioletwa kufundisha na kutibu, wengi walikuwa Wahaiti, wamekimbia utawala wa dikteta Duvalier, wanajua Kifaransa, Umoja wa Mataifa ukawachukua. Raoul Peck, yule mtengeneza filamu, amelelewa Léopoldville, Kinshasa ya leo, kwa sababu hiyo. Kumbe akili za Haiti ziliwahi kujenga nchi, zikiwa nje, nchi ya watu wengine, kwa sababu kwao mlango ulikuwa umefungwa.

## Supu

Januari mosi nilikuwa na shifti ya mchana. Wahaiti siku hiyo wanakula soup joumou, supu ya boga na nyama, wanasema enzi za utumwa waliipika wao na haikuwa ruhusa kuinywa, kwa hiyo walipopata uhuru Januari 1, 1804 ndo kitu cha kwanza wakanywa. Mama Jérémie alileta sufuria nzima imefungwa taulo, kaiweka kiti cha mbele ya gari akaivisha mkanda.

Tulikula tumesimama. Mazungumzo hayakuwa ya sikukuu sana. Kuanzia siku hiyohiyo Marekani nayo imeanza kukata asilimia 1 ukituma pesa nje kwa keshi, kwa hiyo sasa mwenye kutuma Jérémie anakatwa huku na anakatwa kule, na sisi wa M-Pesa tusicheke, keshi yetu nayo imo. Wawili kati ya waliokuwa mle walikuwa kwa ile TPS, kibali cha muda cha kukaa Marekani, iliyotolewa baada ya tetemeko la 2010, serikali ilikuwa imetangaza mwisho wake ni Februari 3, 2026 na kesi zilikuwa mahakamani. Waliohesabiwa hivyo walikuwa zaidi ya laki tatu. Mmoja wao ndo yule kijana wa jikoni aliyezunguka magari bila koti. Aliniambia Kombe la Dunia litakuwa hapahapa Marekani, timu yake inakuja, yeye hajui kama atakuwepo.

Akarudishiwa bakuli, akala.

Halafu Mama Jérémie akatoa simu. Chama kilikaa tena kabla ya Krismasi, sikuwepo, kompyuta zimewekwa kwa mtu gereji, pesa zilizokuwepo zimetumwa kwa kamati ya wazazi. Zimeshaanza kazi. Kwenye picha kuna shimo la mraba, kuta za matofali mpaka kiunoni, watoto wanne wamesimama ndani wanacheka, na kwenye ukuta mbichi mtu ameandika kwa kijiti tarehe.

Akaikuza picha kwa vidole viwili, akaisogeza kushoto, akaisogeza kulia.

"Jina la chama hawajaandika," akasema.

Nikasema labda wataandika likiisha.

Akaitazama tena. Mzee wa chumba cha mwisho akabonyeza kengele. Mama akaniwekea simu mkononi, akasema nimtumie ile picha mzee wa Brockton, yeye macho hayaoni vizuri hizo herufi ndogo, na nimwandikie gata za mvua bado, wanahitaji mita kumi na mbili, na chini niandike kamati ndo imesema.

Akaenda na maji.